Godoro nyuma ya mlango: ubaguzi unapoingia ndani ya nyumba ya wapenzi wa jinsia moja

Chumba ni kimoja, Kaptembwa, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, kwenye ploti yenye milango kumi na miwili na bomba moja la maji. Kitanda ni kimoja. Nyuma ya mlango limeegemezwa godoro jembamba lenye kava la maua, na godoro hilo halijawahi kulaliwa hata usiku mmoja. Kazi yake ni kutandikwa tu. Mwenye ploti akipiga simu kwamba anapitia kodi, au mama ya mmoja wao akisema yuko kwenye matatu kutoka Kakamega, godoro linashushwa, linatiwa shuka, linawekewa mto, na wanawake wawili wanaopendana wanageuka kuwa binamu wanaogawana nyumba ili kupunguza gharama.

Siku niliyowatembelea walikuwa hawajasemezana tangu Jumapili. Mkubwa alikuwa na lake moyoni: "Kila mara ni mimi. Mimi natandika, mimi nakunja. Wewe unakaa tu kama mgeni." Mdogo akamjibu bila kumtazama, "Si ni mama yako anayekuja?" Ukisikia juu juu utadhani ni ugomvi wa kazi za nyumbani, na mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Kisha yule mdogo akasema kwa sauti ya chini, akichezea ukingo wa kikombe, "Tukitandika hilo godoro huwa naona kama tunaachana."

Mwenziwe alinyamaza. Walikuwa wameishi pamoja miaka minne na hilo hakuwahi kulisikia.

Ugomvi wa namna hii ni wa watu wawili kwa sura tu. Aliyeuwasha hayumo chumbani, na mara nyingi wawili hao huumizana kwa sababu hawamwoni.

Kabla ya kufika huko kuna fundo moja la kufunguliwa, maana nimelisikia hata kwa watu wenye nia njema. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba watu wanaopenda wa jinsia yao huugua sonona, huishi na wasiwasi mkali na hufikiria kujiua kwa kiwango kikubwa kuliko wengine. Basi msikilizaji anahitimisha: si hiyo ndiyo dalili kwamba mapenzi yao ni ugonjwa? La. Madaktari wa akili wa Marekani waliyaondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yao ya maradhi mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo tarehe 17 Mei 1990. Maumivu yapo, ni ya kweli, lakini chanzo chake kiko kwingine. Mtu akiishi kando ya barabara ya vumbi akakohoa, hatulaumu mapafu.

Mtafiti aliyeeleza jambo hili kwa mpangilio ulioshika ni Ilan Meyer wa Marekani, katika kazi yake maarufu ya mwaka 2003. Alisema watu wa kundi linalodharauliwa hubeba msongo wa ziada juu ya ule wa kila mtu. Kodi, karo, ugonjwa na kazi tunavyo sote. Wao wana hivyo, na juu yake wana kingine. Meyer aliupanga msongo huo kutoka nje kuja ndani, na naona inafaa kuufuata hivyo hivyo.

Nje kabisa kuna matukio: kutolewa kwenye ploti kabla mwezi haujaisha, kupigwa usiku ukitoka mtaa wa Kondele, Kisumu, kuondolewa kwenye kwaya bila maelezo, au mtu mliyefahamiana mtandaoni kukugeuka na kudai pesa, la sivyo atawatumia jamaa zako picha. Hayo yanaonekana na yanaweza kusimuliwa.

Linalofuata halionekani, nalo ni kungojea. Aliyewahi kufukuzwa mara moja husikia hodi na moyo ukamwenda mbio kabla hajajua ni nani. Huenda ni mtoto wa jirani ameletwa kuomba chumvi. Mwili haungoji kujua; umekwisha kujikaza. Mwili unaojikaza hivyo kila siku kwa miaka hauna muda wa kupumzika. Usingizi unakuwa mwepesi, tumbo linasumbua, hasira inakuwa karibu.

Halafu kuna kuficha. Hapa Kiswahili chetu kimewasaidia watu kuliko tunavyofikiri. "Mpenzi wangu amesafiri, atarudi kesho" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na mtu anaweza kufanya kazi ofisi moja miaka mitano akizungumza ukweli mtupu bila kujitoa. Tatizo ni swali la pili: "Anaitwa nani?" Kila siku mtu anatembea akikwepa hilo swali la pili. Anakumbuka nani aliambiwa nini. Anafuta ujumbe kwenye simu. Hiyo ni kazi, tena ya akili, na haina likizo.

Ndani kabisa kuna kumeza. Matusi yakirudiwa na watu unaowapenda, mama, mchungaji, mwalimu, huanza kusikika kwa sauti yako mwenyewe. Hili nitalirudia, maana ndilo linalovunja nyumba kuliko yote.

Kwa miaka mingi watafiti walihesabu mtu mmoja mmoja. Baadaye wengine, wakiwemo David Frost na Allen LeBlanc, wakauliza swali lingine: je, uhusiano wenyewe haubaguliwi? Mtu anaweza kukubaliwa na ukoo wake kabisa, akapewa ugali na kuku, lakini yule anayelala naye akawa hayupo machoni pa watu. Jeraha hilo ni lao wote wawili, na huwezi kuligawa ukasema hili lako na hili langu.

Ukitaka kulielewa nenda kwenye matanga ya upande huu wa nchi. Mwanamume mmoja wa Kisumu alinisimulia jinsi mwenziwe, ambaye wamekaa naye Manyatta miaka sita, alivyofiwa na baba. Mazishi yalikuwa kijijini, kaunti ya Siaya. Huko mkwe ana mahali pake. Anapokelewa, anaketishwa, anaandaliwa, anaitwa mbele kusema neno. Dada wa mpenzi wake alikuwa ameolewa miaka miwili tu, na mumewe alipata hayo yote. "Mimi nilifika kwa matatu na wenzake wa kazini," akaniambia. "Nilibeba viti. Nilimenya viazi. Usiku nikalala kwenye viti vya plastiki chini ya hema pamoja na vijana. Nilikuwa namwona ng'ambo ya ua, macho makavu, na siwezi kwenda." Hakuwa na hasira akisimulia. Nilitamani angekuwa nayo.

Lakini walikuwa wamepanga jambo kabla ya kuondoka Kisumu. Kila jioni saa mbili wangekutana nyuma ya tangi la maji, dakika tano, kila mtu akitokea upande wake. Jioni ya kwanza walisimama tu. Ya pili vilevile. Ya tatu, mwenye kufiwa akamwegemea na kulia kwa mara ya kwanza tangu apate habari. Dakika tano zikawa ishirini. Aliporudi uani akasema alikuwa anasaidia kuteka maji.

Hapo nyuma ya tangi kulikuwa na elimu ambayo mwanasaikolojia wa Uswisi, Guy Bodenmann, ameitafiti tangu miaka ya 1990. Anasema msongo ukimpata mmoja wa wapenzi hauishii kwake. Hutoa ishara: kuguna, kunyamaza, kufoka kwa ajili ya sufuria iliyoungua. Mwenziwe huisoma ile ishara, vizuri au vibaya, kisha hujibu, na jibu hilo ndilo linaloamua kama mzigo utapungua au utakuwa miwili.

Majibu mazuri yako ya namna tatu. Moja ni kumsaidia mwenzio abebe wake: kumsikiliza, kumtetea, kumwonyesha njia. Nyingine ni kumtua kabisa kwa muda. Yule anayeogopa mwenye ploti asizungumze naye mwezi huu; mwenziwe atapeleka kodi. Ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu zaidi kwa watu wanaobaguliwa, ni kuufanya mzigo uwe wa wote wawili tangu mwanzo: "hili limetupata", si "hili limekupata". Tangi la maji lilikuwa hilo. Hakuna aliyekuwa anamsaidia mwenziwe pale. Walikuwa wamefiwa wote, wamenyimwa nafasi wote, wakajitengenezea nafasi.

Majibu mabaya nayo Bodenmann aliyaona, na wahenga walikuwa wameliona moja kabla yake: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenzio anakuja ametukanwa na kondakta mbele ya abiria, wewe unasema, "Achana nao, mbona unachukulia kila kitu moyoni?" Ulitaka kumfariji, lakini umemwambia mzigo wake ni pamba. Baya zaidi ni hili: "Si nilikwambia usivae ile shati?" Sentensi hiyo nimeisikia kwa wapenzi wanaume na wanawake, na ukiitazama kwa makini ni sauti ya yule kondakta imeingia nyumbani ikitumia mdomo wa mpenzi. Anayeisema huwa anaogopa. Anataka kumlinda. Lakini anayeisikia hupata ubaguzi mara mbili kwa siku moja, na mara ya pili ndiyo inayomlaza macho.

John Gottman na Robert Levenson wa Marekani, waliofuatilia wapenzi wa jinsia moja kwa miaka kumi na miwili na kuchapisha matokeo mwaka 2003, waliona kwamba kwa wastani wapenzi hao huanza mabishano kwa upole kuliko wanandoa wa kawaida, wakitia ucheshi na mapenzi hata katikati ya kutofautiana. Nalitaja kwa sababu watu hudhani mahusiano haya hayawezi kuwa na utulivu. Utulivu upo. Kinachoutikisa kinatoka nje.

Sasa lile la kumeza. Ni nadra sana wapenzi wawili kuwa mahali pamoja katika safari ya kujikubali. Mmoja amewaambia dada zake, ana marafiki makuchu wenzake, yaani wanaopenda wa jinsia yao kama yeye, akiitwa shoga barabarani anajua tusi hilo si lake. Mwingine bado anafunga na kuomba kila Ijumaa abadilike. Wakilala kitanda kimoja, yule wa kwanza anaona amefichwa kama kitu cha aibu, na yule wa pili anaona anasukumwa ukingoni. Wote wanasema kweli. Nimeona watu wengi wakilisoma jambo hili kama ukosefu wa mapenzi: "Ungenipenda ungeniambia mamako." Sivyo. Huyo anayeficha huenda anakadiria hatari kwa usahihi kabisa. Huenda mama huyo ndiye anayemlipia karo mdogo wake. Wanaofaulu hapa, kwa nilivyoona, hutenganisha maswali mawili ambayo huwa yamefungwa pamoja. Swali la kwanza: je, unanionea aibu? La pili: je, ni salama kusema? Hilo la pili linaweza kujibiwa "bado" kwa miaka mingi bila nyumba kubomoka, mradi la kwanza limejibiwa waziwazi, kwa maneno, na zaidi ya mara moja.

Wapenzi hawawezi kuimaliza kazi hii wakiwa peke yao, na hapa sikubaliani na wale wanaosema pendaneni tu, dunia itajijua. Kuna utafiti ninaoukumbuka sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 majimbo kadhaa ya Marekani yalipiga marufuku ndoa za jinsia moja. Mark Hatzenbuehler na wenzake walilinganisha afya ya watu kabla na baada, wakachapisha mwaka 2010: kwenye majimbo yaliyopiga marufuku, maradhi ya hisia kama sonona yaliongezeka kwa zaidi ya asilimia 36 miongoni mwa mashoga, wasagaji na wanaopenda jinsia zote mbili. Ndoa hizo hazikuwepo hata kabla. Walichopoteza ni kuambiwa na nchi yao, kwa kura, kwamba hawatakiwi.

Kwetu Kenya vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni za Adhabu, urithi wa ukoloni wa Mwingereza vinavyotumika dhidi ya mapenzi haya, vinatishia kifungo cha hadi miaka 14 na miaka 5. Watu husema, lakini nani amefungwa? Sheria haihitaji kufunga mtu ili imlemee. Mwenye ploti anaijua. Anayedai pesa kwa vitisho anaijua zaidi, ndiyo maana anajua hutaenda polisi. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, ikaamua kwamba watu hawa wana haki ya kusajili shirika lao, na kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Mwaka huo huo mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, akaandaa mswada wa kuongeza adhabu. Nayo Katiba, ibara ya 45, inatambua ndoa kati ya watu wa jinsia tofauti pekee. Kwa hiyo mwenzio akilazwa, akifa, akiacha kiwanja, wewe ni rafiki tu.

(Watakaonikumbusha ndoa za mwanamke kuoa mwanamke kwa Wanandi, Abagusii na Wakuria wana haki ya kuzitaja, na Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua moja ya Kinandi mwaka 2011 katika kesi ya urithi. Lakini desturi hiyo ni ya kupata mrithi wa nyumba, na si vizuri kuivika maana isiyo yake. Ninachojifunza humo ni kingine: vijiji vyetu vinajua kuishi na nyumba yenye wanawake wawili vikiamua.)

Uzito huu umepimwa hapa hapa. Watafiti wakishirikiana na mashirika ya jamii yenyewe waliwahoji zaidi ya watu 500 wa magharibi mwa Kenya, na matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu walikuwa na dalili nzito za kiwewe kinachobaki baada ya mateso, na takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na dalili kali za sonona. Takwimu hiyo ukiiweka kwenye vyumba, maana yake ni kwamba katika nyumba nyingi wote wawili ni wagonjwa kwa wakati mmoja, na kila mmoja anategemewa kuwa muuguzi.

Ndipo lazima mtu atoke nje kutafuta msaada. Kama kwa wiki mbili mwenzio hali, halali au analala mchana kutwa, hafurahii kilichokuwa kikimfurahisha, anazungumza kana kwamba hatakuwepo, hilo limepita uwezo wa dakika ishirini nyuma ya tangi. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandi wazo kichwani. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana laini ya bure, 1199, na si lazima ueleze unampenda nani ili usaidiwe. Kwa miaka mingi watu waliogopa hospitali kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai; Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakiuka Katiba. Habari hiyo haijafika kwenye ploti nyingi. Na ukipata mshauri nasaha, muulize mapema anavyoona mapenzi yenu. Anayeanza kwa kukuahidi kukubadilisha, ondoka.

Nao mzigo wa nje usitumiwe kufunika kila kitu. Anayekupiga kisha akasema ni dunia inamtesa, au anayekwambia ukimwacha atamwambia baba yako, huyo hakabili ubaguzi pamoja nawe. Anautumia. Hapo hakuna cha kuvumilia wala cha kubeba pamoja. Tafuta mtu mmoja wa kukuhifadhi usiku wa kwanza, mengine yatafuata.

Wale wa Kaptembwa walipatana jioni ile ile, bila shamrashamra. Mkubwa alisema hakujua kwamba godoro linamuumiza mwenziwe namna hiyo. Yeye alikuwa analitandika mbio mbio, peke yake, ili mdogo asilazimike kuligusa. Kwa miaka minne alikuwa anamtua, na mwenziwe anaona anatengwa. Wakakubaliana kwamba kuanzia sasa watalitandika wote, huku na huku, kama watu wanaotandika kitanda chao.

Niliporudi baada ya Pasaka nikamkuta senge wa mkubwa, yaani shangazi yake, amekuja kutoka Kakamega kwa miadi ya macho. Jioni ilipofika wasichana wakasimama, wakaenda mlangoni, mmoja akashika pembe hii na mwingine ile. Senge alikuwa anavua viatu. "Hilo liacheni hapo hapo," akasema, bila kuinua uso. "Nyinyi laleni mnavyolala. Mimi kochi linanitosha, nitaamka mapema."

Wakasimama na godoro mikononi, hawajui waliweke wapi.